Elspeth Huxley jukwaani: Nani aseme Kiswahili gani?

Kikundi kimoja cha waigizaji wa ridhaa kiliniomba nikisomee mswada wa tamthilia. Ni kikundi kidogo: walimu wanne, fundi wa umeme, kinyozi, muuza mitumba na wanafunzi watatu wa chuo. Hukutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa mjini Ruiru, na walikuwa wakitafuta pahali pa kuigizia Thika. Hakuna anayelipwa. Nauli ya matatu kila mtu hujitolea, na mavazi huazimwa.

Tamthilia yenyewe ilimhusu Elspeth Huxley. Nilimuuliza kiongozi wao, mwalimu kijana wa Kiswahili, kwa nini wamchague huyo katika watu wote. Alinijibu bila kusita: "Mwalimu, huko nje dunia imeijua Thika kupitia kitabu chake. Sisi tunaoishi hapa wengi hata hatujakisoma. Sasa si tumlete jukwaani tumuulize maswali?"

Nilidhani kazi yangu ingekuwa kusahihisha sarufi. Katika makala haya nataka kueleza jinsi kazi hiyo ilivyonigeuka mikononi, na kwa nini naamini suala lililozuka katika ukumbi ule wa Ruiru linamhusu kila mpenzi wa Kiswahili katika bara la Kenya.

Tuanze na mhusika mwenyewe. Elspeth Grant alizaliwa London mwaka 1907. Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walikuja Kenya mwaka 1912, naye akawafuata mwishoni mwa 1913 akiwa na umri wa miaka sita. Shamba lao lilikuwa karibu na Thika, kituo ambacho wakati huo kiliitwa pia Chania Bridge kwa sababu ya daraja la mto huo. Hoteli ya Blue Posts ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwaka 1908, na reli ya kutoka Nairobi ilifika mwaka ule ule wa 1913. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, familia ilitawanyika, na baadaye wazazi wakahamia Njoro. Kwa maneno mengine, mwandishi anayetajwa sambamba na Thika aliishi hapa muda mfupi tu wa utoto wake.

Aliondoka Kenya mwaka 1925 kwenda kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Reading, kisha Cornell, Marekani. Mwaka 1931 aliolewa na Gervas Huxley, binamu ya mwandishi Aldous Huxley. Kitabu chake kuhusu utoto wake, The Flame Trees of Thika, kilitoka mwaka 1959. Kumbuka mwaka huo, msomaji. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa, na mashimo ya kambi za kizuizini yalikuwa mabichi. Wakati huo huo wasomaji wa Uingereza walipokea hadithi tamu ya msichana mdogo, mkokoteni wa ng'ombe, miche ya kahawa na miti yenye maua mekundu kama moto. Mwaka 1981 runinga ya Uingereza iliigeuza hadithi hiyo kuwa mfululizo wa vipindi saba, Hayley Mills akiigiza mama. Watalii wakaanza kuja Thika kuitafuta miti.

Hiyo ndiyo Thika iliyouzwa nje. Je, Thika yenyewe ilikuwaje?

Kwa mujibu wa kitabu hicho, baba yake mtoto alinunua ekari 500 kutoka kwa mzungu mwenzake, wakiwa wamekaa katika baa ya Hoteli ya Norfolk, Nairobi. Huxley anaisimulia kama kichekesho cha baba asiye na akili ya biashara, na kwa kweli inachekesha. Ila kuna swali ambalo mtoto hakuweza kuliuliza na mwandishi mtu mzima hakulikawilia: huyo muuzaji alizitoa wapi? Ardhi ya kutoka Ruiru hadi Thika iligawiwa walowezi katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, kahawa na mkonge vikapandwa. Waliokuwa wakiilima au kulisha mifugo humo wakawa wafanyakazi juu yake, au maskwota, wakisukumwa na kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ikawaletea kipande, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alikitundika shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Ndiyo maana Harry Thuku wa Kambui, si mbali na Ruiru, alipata wafuasi wengi hivyo mwaka 1921 na 1922: alisema juu ya kipande, kodi na mishahara iliyopunguzwa.

Na kahawa je? Mkulima Mwafrika wa Kiambu aliruhusiwa kuichuma kwa mlowezi, si kuipanda kwake. Mlango ulifunguliwa sawasawa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Leo utafiti wa kahawa nchini una makao yake Ruiru, na aina ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 imebeba jina la mji huo. Ni vizuri kijana anayeyaona mashamba hayo yakigeuzwa mitaa ya nyumba kando ya barabara ya Thika ajue kwamba babu yake alikatazwa kupanda mti ule ule.

Utata wa Huxley hauishii katika yale aliyoyaacha. Mwaka 1935 alichapisha mabuku mawili juu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, na kuyaita White Man's Country. Jina hilo halihitaji ufafanuzi. Mwaka 1944 yeye na Margery Perham walichapisha barua walizojibizana kuhusu siasa za Kenya, Huxley akiwatetea walowezi, Perham akimpinga. Mwaka 1954 akatoa riwaya juu ya Mau Mau, A Thing to Love, ambayo waliopigania ardhi hawawezi kuisoma bila kuudhika.

Lakini ni mwanamke huyo huyo aliyeandika Red Strangers mwaka 1939, riwaya ndefu inayofuata vizazi vya ukoo mmoja wa Agĩkũyũ, kuanzia kabla wazungu hawajafika. Ndani yake wageni wekundu ndio wa ajabu, ndio wasioeleweka. Alikaa nyanjani akiwahoji wazee ili aiandike. Mchapishaji Harold Macmillan, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitaka maelezo ya tohara ya wasichana yapunguzwe. Huxley alikataa, akakipeleka kitabu kwa mchapishaji mwingine. Na mwaka 1960, alipokuwa mjumbe wa Tume ya Monckton kuhusu Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, fikra zake hazikuwa tena zile za mwaka 1935. Alikufa Januari 1997.

Basi huyu si mtu wa kubebwa kwa neno moja. Na kuna tukio moja la kweli ambalo vijana wa Ruiru walilitambua haraka kuwa ni la jukwaani. Baada ya kubatizwa mwaka 1914, Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo aliitwa Johnstone Kamau, alikuja kufanya kazi Thika kwa mhandisi Mwingereza aitwaye John Cook. Yaani katika miaka hiyo ya mwanzo wa vita, kijana wa Ng'enda, Gatundu, na mtoto wa walowezi wa Thika walikuwa wakikanyaga vumbi moja. Zaidi ya miaka 20 baadaye wakakutana London, wote wawili wanafunzi katika semina ya mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski. Mwaka 1938 Kenyatta akatoa Facing Mount Kenya. Mwaka 1939 Huxley akatoa Red Strangers. Wanafunzi wawili wa mwalimu mmoja wakaandika juu ya watu wale wale, mmoja kutoka ndani, mwingine kutoka nje. Hakuna mtunzi wa tamthilia ambaye angeiacha bahati kama hiyo.

Sasa nirudi kwenye mswada. Waandishi walikuwa wameuandika wote kwa Kiswahili, kwa sababu walitaka mtu wa sokoni Thika aweze kuufuata. Walikuwa wamewachukua baadhi ya watu wa kitabuni: wazazi Robin na Tilly, mpishi Juma ambaye ni Mswahili, mnyapara Sammy, kijana Njombo. Walowezi walisema maneno kama, "Wewe boi, mimi hapana taka maneno mingi, lete chai sasa hivi." Wafanyakazi nao wakajibu, "Ndio bwana, mimi nakwisha leta."

Nilichukua kalamu nyekundu. Nikasahihisha kila mstari. "Sitaki maneno mengi." "Nimekwisha kuleta." Nikaandika pembeni, kwa uhakika wa mwalimu aliyezoea kusahihisha insha: Kiswahili sanifu tafadhali. Nikawarudishia.

Kiongozi wao alinitazama akacheka kidogo. "Lakini Mwalimu, ulishawahi kusikia setla akisema *sitaki maneno mengi*?"

Alikuwa amesema kweli, nami nilijua. Walichokiandika vijana hao kina jina: Kisetla. Ni kile Kiswahili cha walowezi wa bara kilichoacha upatanisho wa ngeli, kilichofanya neno "hapana" kuwa kikanushi cha kila kitenzi, na kilichodumu katika amri. Lete, toa, ngoja, kwenda, pesi pesi. Kwa kalamu yangu nilikuwa nimempa mlowezi adabu ya lugha ambayo hakuwa nayo, nikafuta ushahidi.

Yafaa hapa tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Lugha yoyote inayovuka mipaka hurahisishwa. Mkamba, Mgĩkũyũ na Mluo waliokutana katika stesheni ya reli walizungumza Kiswahili kilichopunguzwa ngeli, kwa sababu wote walikuwa wageni wa lugha hiyo na kila mmoja alikuja nusu ya njia. Hakuna dharau hapo. Kiswahili cha namna hiyo bado tunakisikia katika matatu ya Thika kila siku, na watu wanaelewana vizuri tu. Kisetla kilifanana na hicho kwa umbo, lakini hakikuwa sawa nacho kwa kazi. Kilikuwa na msemaji mmoja mwenye haki ya kusema na mwingine mwenye wajibu wa kutii.

Na isidhaniwe kwamba mlowezi alikosa pa kujifunzia. Edward Steere alichapisha mwongozo wake wa lugha ya Kiswahili mwaka 1870. Kamusi ya Ludwig Krapf ilitoka mwaka 1882. Maafisa wa serikali ya kikoloni walitakiwa kufanya mtihani wa Kiswahili, na wapo waliokijua vizuri. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipitisha Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Miaka sita baadaye, mwaka 1936, F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara ambacho jina lake lilitaja wazi kimekusudiwa nani: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Hivyo katika muongo mmoja kulikuwa na Kiswahili cha kamati na Kiswahili cha shambani. Mtu aliyeweza kujifunza kupogoa mkahawa, kupima mvua na kupambana na kutu ya majani asingeshindwa na ngeli nane kama angeona zina faida kwake. Hakuona. Hakuwa na jambo la kumwambia Njombo ambalo lilihitaji ngeli.

Hoja hiyo nilidhani imetosha. Nikakubali Kisetla kirudi mswadani, kwa walowezi na kwa wafanyakazi pia, maana historia ndivyo ilivyokuwa. Siku ya mazoezi ya wazi majirani wa kanisa wakaalikwa, wakaja watu kama 30.

Mlowezi alipotoa amri zake, ukumbi ulinyamaza. Njombo alipojibu kwa Kisetla, watu wakacheka. Aliposema tena, wakacheka zaidi. Kijana aliyeigiza Njombo ni mchekeshaji kwa maumbile, akashika kamba. Akaongeza vikosa vyake, akapepesa macho, akainama. Ukumbi mzima ukalipuka. Nami nilicheka, sitaficha.

Kisha nyanya mmoja, shosho wa mmoja wa waigizaji, akainuka katikati ya tukio. Alizungumza Gĩkũyũ akichanganya na Kiswahili. Alisema, "Yule aliyetukana hamkumcheka. Mmemcheka aliyetukanwa." Akaeleza kwamba alikuwa mchuma kahawa tangu utotoni, katika shamba moja upande wa Ruiru. Kiswahili cha kwanza alichokisikia maishani, alisema, kilikuwa kinamwambia afanye haraka. Kisha akaketi, na mazoezi hayakuendelea siku ile.

Nilirudi nyumbani nikilitafakari neno lake. Tumezoea kuuliza kwa nini wazee wengi wa bara hawakukipenda Kiswahili, kwa nini kwa muda mrefu kilionekana lugha ya askari, ya karani, ya korokoroni na ya jikoni kwa mzungu. Tunatoa majibu ya sera: shule zilipendelea Kiingereza, mtihani wa Kiswahili haukuwa wa lazima hadi mfumo wa 8-4-4 ulipokuja mwaka 1985. Majibu hayo ni sahihi. Lakini shosho alikuwa na jibu lililotangulia sera. Mtu wa Mombasa au Lamu alibembelezwa kwa Kiswahili, akaimbiwa, akaposwa, akazikwa kwacho. Mtu wa shamba la Thika alikutana nacho kikiwa kiboko. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na ni haki yake. Ila Katiba haiwezi kumfuta mtu kumbukumbu ya sikio.

Nikajiuliza: wenzetu waliomweka mtu wa historia mwenye utata jukwaani walifanyaje?

Dedan Kimathi ni mfano wa karibu. Mwaka 1974 Kenneth Watene alichapisha tamthilia juu yake iliyomwonyesha kiongozi aliyeelemewa na shaka na ukali wa msituni. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo hawakuridhika na picha kama hizo. Wakaandika The Trial of Dedan Kimathi, iliyoigizwa katika Kenya National Theatre mwaka 1976 kwa siku chache tu, maana ukumbi ulikuwa umetengewa maonyesho ya wageni, kisha ikapelekwa Lagos katika tamasha la FESTAC mwaka 1977. Raphael Kahaso akaitafsiri kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Mtu ni mmoja, tamthilia ni mbili, na kila moja imemchagua Kimathi wake. Ebrahim Hussein naye, katika Kinjeketile, alitahadharisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu na si yule wa historia mwenyewe. Huo ni uungwana ambao kila mtunzi wa tamthilia ya kihistoria angefaa kuuiga.

Lakini somo kubwa zaidi kwa waigizaji wa ridhaa liko hapa hapa Kiambu, upande wa Limuru. Katika kijiji cha Kamĩrĩthũ, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa viwandani na mashambani walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwelekezi alikuwa Kĩmani Gecaũ. Mazoezi yalifanywa hadharani. Mswada uliposomwa, wazee waliwasahihisha wasomi wa chuo kikuu: methali hii haisemwi hivi, mzee hazungumzi na kijana kwa namna hiyo. Wafanyakazi wakatoa habari za mishahara yao. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba, na tarehe 16 Novemba serikali ikaondoa kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akafungwa Kamiti, gereza lililo mwendo mfupi kutoka Ruiru, bila kushtakiwa. Humo akaandika Caitaani Mũtharabainĩ juu ya karatasi za chooni. Jukwaa lenyewe lilibomolewa Machi 1982.

Nilipokuwa kijana tulifundishwa kisa hicho kama kisa cha siasa, na ni cha siasa kweli. Siku hizi nakisoma pia kama kisa cha lugha. Kilichowatia watu nguvu Kamĩrĩthũ, kabla ya ujumbe wowote, ni kusikia jukwaani lugha yao ikiwa kamili: yenye methali, mzaha, laana, nyimbo na ukimya wake. Njombo wetu wa Ruiru alikuwa hana hata kimoja cha hivyo. Tulimpa Kisetla tu, kana kwamba alizaliwa nacho.

Jumamosi iliyofuata nikapeleka mapendekezo matatu, si ya kalamu nyekundu safari hii.

La kwanza: wafanyakazi wakiwa peke yao, waseme Kiswahili kilichojaa. Kiswahili hicho kinasimama mahali pa Gĩkũyũ chao, na kwa kuwa walikuwa wasemaji stadi wa lugha yao, nacho kiwe stadi: kina methali, kina mafumbo, kina utani wa marika. Mlowezi akiingia tu, lugha hiyo ikatike na Kisetla kianze. Hapo mtazamaji atamsikia mtu mwenye akili timamu akijikunja ili apite katika mlango mfupi aliotengewa. Kazi hiyo sikio litaifanya lenyewe, bila hotuba.

La pili: walowezi wakiwa wenyewe kwa wenyewe, nao waseme Kiswahili kizuri, maana hicho nacho kinasimama mahali pa Kiingereza chao. Tilly amlilie mumewe kuhusu mvua na deni kwa maneno ya mwanamke aliyesoma. Kisha ageuke kwa Njombo aseme, "Hapana kaa, fanya kazi." Hapo kicheko, kama kipo, kitajua pa kwenda.

La tatu: Elspeth mtu mzima asifanywe shetani. Vijana wengine walitaka hivyo, na naelewa hasira yao. Lakini shetani hahitaji kuulizwa maswali, na wao walikuwa wamesema wanataka kumuuliza. Alete vitabu vyake vyote viwili jukwaani, kile cha Delamere mkono mmoja, Red Strangers mkono mwingine. Katika semina ya London, Kenyatta amtazame na amuulize jambo ambalo vitabu vyake vyote viwili vinalizunguka: ukiwajua hawa watu vizuri namna hiyo, mbona umeandika kwamba nchi ni ya wengine? Jibu lake liandikwe kwa haki, kwa hoja nzito kadiri alivyokuwa nazo. Mtazamaji wa Thika ana akili ya kulipima.

Pendekezo la tatu lilileta ubishi mkali. Kinyozi alisema, "Mwalimu, huyu mama ameongea miaka 60. Leo unataka tena tumpe nafasi?" Mwanafunzi mmoja akamjibu kwamba yule amesema kwao huko, hajawahi kusema mbele yetu tukiwa tumeshika taa. Hawakuafikiana. Walipiga kura, pendekezo likapita kwa kura moja, na kinyozi akakubali kubaki kwa sharti kwamba yeye ndiye ataigiza Kenyatta.

Ukumbi wa Thika bado ni taabu. Tuliouomba mwanzo, msimamizi alitusikiliza vizuri mpaka alipofika kwenye neno "mashamba", akatuambia tumpelekee mambo ya harusi na kwaya. Sikumlaumu sana. Ukiwa unaishi mahali ambapo kila ploti ina hati mbili na kesi moja, neno hilo halijawa historia bado. Shule moja imetupa uwanja wake kwa likizo ijayo, na viti tutaazima.

Shosho amekuwa akija kila Jumamosi. Wiki iliyopita walifanya tukio la kuchuma kahawa, na kijana anayeigiza Njombo alibeba debe la mbuni kwa mkono mmoja akiimba. Shosho akamsimamisha. Akamwonyesha jinsi debe linavyojazwa, linavyotikiswa na mnyapara ili lishuke, likaongezwa tena mpaka lifurike, ndipo linahesabiwa moja. Akamfundisha maneno waliyomwambia mnyapara akiwa hasikii. Yalikuwa maneno makali, ya Gĩkũyũ, na watu wote ukumbini wakacheka.

Kijana akauliza ayaseme vipi kwa Kiswahili. Tuliketi pamoja karibu nusu saa, walimu wote na shosho, tukitafuta.